Springi ya Upande wa Kushoto

Mume wangu alianza kuunda gari la kizamani kabla hatujafunga ndoa, nami nikaanza kulichukia kabla halijapata magurudumu. Lilikaa nyuma ya gereji yake karibu na soko la Daraja Mbili, kati ya ukuta wa mabati na mahali wachuuzi walipotupa mikungu iliyokwisha kuvuliwa ndizi. Kila nilipopita na kikapu changu nilikuta kaongeza kitu: leo mudigadi ndefu za kujikunja, za kukinga matope ya magurudumu, kesho taa mbili kubwa zilizotokeza kama macho ya chura. Chini yake ilikuwa chasi ya gari dogo la Kiingereza lililopinduka kwenye kona za Keroka. Bodi aliijenga mwenyewe kwa bati na mbao, akifuata picha aliyoikata kwenye kalenda. Lilikuwa na kiti kimoja tu cha mbele, kirefu kama benchi la kanisa, na kidato cha kukanyagia pembeni. Kwa mbali ungeapa ni la enzi za vita vya kwanza vya Wazungu. Kwa karibu ungeona nembo ya pipa la mafuta chini ya rangi.

Mimi ni mtu wa kiguu na njia tangu utotoni. Kungoja kwangu ni ugonjwa. Na miaka ile, mwanzoni mwa sabini, maisha yangu yote yalikuwa kungoja. Nilikuwa nimetorokea kwa mume jioni moja bila kuaga, kama walivyofanya wasichana wengi wa kwetu siku zile, na baba yangu, mzee wa kanisa, akatangaza kwamba sitakanyaga ua wake kule milimani juu ya Nyamache mpaka nije kuchukuliwa kwa arusi ya kanisani. Tukaishi Nakuru kwanza, halafu tukarudi Kisii mjini. Ua wa baba ulikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, na sikuweza kwenda. Miaka yote hiyo sikumwona mama. Habari zake zilikuja kupitia shangazi yangu, dada wa baba, aliyeshuka sokoni mara kwa mara. Nami kila mara nilimwuliza lile lile, naye akajibu lile lile: "Mama yako yupo. Anakusalimu."

Hatimaye arusi ikapangwa, kanisani kwa akina mume wangu, upande wa Nyamira. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu mama yangu hapandi gari.

Ni lazima nieleze. Mama alikuwa mwanamke mkubwa. Sisemi mnene wa kawaida. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba akiingia jikoni moto ulionekana kupungua. Siku moja, mimi nikiwa bado shuleni, mwenye duka mmoja alimpa lifti kutoka Nyamache, na gari likalala upande aliokaa. Ilikuwa siku ya soko, na macho hayana pazia. Vijana waliokuwa wakicheza bao kwenye baraza wakapiga kelele, "Wekeni jiwe upande ule mwingine!" Soko zima likacheka. Mama akashuka palepale, akajitwika kikapu chake, akatembea mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo akatembea kila mahali. Lakini kutoka kwetu mpaka Nyamira si mahali pa kutembea, tena kwa mwanamke wa umri wake.

Shangazi alileta ujumbe gereji. "Anasema atakuja," aliniambia, akiwa amesimama mbali kidogo na mafuta. "Atapanda hilo gari lenu. Lakini lisiiname. Likiinama hata kidogo, anashuka na kurudi jikoni kwake, na arusi mtaifunga bila yeye."

Basi. Keki ingeweza kuanguka matopeni, gauni likachanika, mvua ikanyesha ndani ya kanisa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: mama awe pale. Na mama kuwa pale kulitegemea springi mbili za mbele.

Kwa nini gari hilo, na si pikapu ya mtu yeyote? Hilo lilikuwa wazo la mume wangu. Nilikuwa nimemsimulia kwamba mama, alipokuwa msichana wa misheni, yeye na wenzake waliitwa kila masika kulisukuma gari la mmisionari lilipokwama kwenye matope. Walilisukuma mpaka kileleni, mmisionari akawapungia mkono, wakarudi kwa miguu. Hakuwahi hata kuketi ndani. Mume wangu alisikiliza, na wiki iliyofuata nikaona amekipanua kile kidato cha kupandia na kukishusha chini. Kwa jambo hilo nilimpenda tena, ingawa gari niliendelea kulichukia.

Lakini gari lenyewe lilisimama ovyo. Bodi yake ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyovunjika, kwa hiyo pua ilinyanyuka juu kama ya ng'ombe anayenusa mvua. Mume wangu alizitoa springi zote mbili za mbele, akakata sehemu ya mzunguko kwa msumeno, akazirudisha. Pua ikashuka. Sasa likalala kulia. Akaweka pete ya chuma chini ya springi ya kulia, likalala kushoto. Akaipunguza pete. Likalala kulia tena.

Nilisimama mlangoni nikipigapiga mguu. "Wewe unalijaribu gari au unanijaribu mimi?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alijibu kutoka chini ya gari. "Ingia huku uone."

Aliyegundua kosa alikuwa fundi mwenzake, kijana wa Kimaragoli aliyekuja kutafuta kazi Kisii na kukaa. Alisimama nyuma ya gari, akainamisha kichwa, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Bosi, si gari inalala. Ni Kisii inalala! Hapa kwenu hakuna mahali iko sawa. Nyumba imelala, shamba imelala, hata uwanja ya mpira mnachezea kwa mlima."

Ilikuwa kweli, nasi hatukuiona kwa sababu tumezaliwa humo. Mtu wa kwetu akijenga nyumba huchimba kilima upande mmoja na kujaza udongo upande mwingine, halafu anasema kiwanja ni tambarare. Jicho lake limezoea mteremko. Mume wangu alikuwa akilinyoosha gari kwa kulilinganisha na ua wa gereji, na ua wenyewe ulishuka kuelekea mtoni.

Tukaanza kutafuta tambarare. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kuzunguka wilaya nzima kutafuta ardhi iliyolala sawa. Tulikwenda shuleni, tukaenda mnadani, tukaenda mbele ya ofisi za serikali. Mume wangu alimwaga maji chini na maji yakakimbia. Mwishowe tulipata kwenye njia ya Nyamache. Lilikuwa banda la kupimia majani ya chai, lenye sakafu ya saruji iliyopigwa na fundi mwenye akili zake. Siku ambayo chai haikuchumwa, mlinzi wa banda alituruhusu kuliingiza gari. Maji yalimwagwa, yakatulia.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa yangu. Gari tupu likisimama sawa si kitu. Lilitakiwa kusimama sawa mama akiwa ndani. Mmaragoli angeendesha, kwani mume wangu hakuweza. Kwetu mkwe haketi karibu na mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hamkazii macho, wala hazungumzii mwili wake. Jambo hilo tunaliita ensoni. Ni heshima na ni haya pamoja, na anayelivunja huonekana amevua nguo barabarani.

"Sasa, mama mkwe ana uzito kama gani?" Mmaragoli aliuliza.

Mume wangu alitoka bandani. Alitoka kabisa, akasimama kwenye chai akiangalia mlima.

"Nimesema nini?" Mmaragoli akaniuliza.

"Umeuliza kilo za mkwe wake mbele yake. Nyamaza."

Aliporudi, mume wangu alikuwa amepata njia yake. Hakusema "mama yako". Alisema "upande wa kushoto". Upande wa kushoto utakuwa na uzito gani? Upande wa kushoto utapandaje? Upande wa kushoto hupenda kuegemea mlango? Nilicheka hadi machozi, lakini yeye hakucheka hata kidogo.

Uzito wa upande wa kushoto niliujua mimi. Mwaka nilipomaliza shule, tulikwenda na mama kwenye kinu cha kusagia mahindi, na wanawake wakawa wanapanda kwenye mzani kwa mchezo. Mama alipanda, wakaweka alama pale mzani ulipofika. Kisha nikapanda mimi, wakanipakia debe moja la mahindi, la pili, la tatu, na hapo ndipo tukawa sawa na mama. Wanawake wakapiga vigelegele, mama akicheka kuliko wote. Mwili wangu haukubadilika sana tangu siku hiyo. Basi mama alikuwa mimi na debe tatu.

Hata hivyo nilimwuliza shangazi alipopita: "Mama bado ni mkubwa vilevile?"

Shangazi alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Mama yako ni mama yako," alisema, akaondoka kuwahi soko.

Nikaketi kwenye kile kiti kirefu, upande wa kushoto, debe tatu zimepangwa miguuni na ubavuni, Mmaragoli kwenye usukani. Mume wangu alilala chini na kijiti chake, akapima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa mudigadi, huku na huku. "Usitikisike," alisema. Nilitikisika. "Nimesema usitikisike!" Nilijaribu. Nzi alitua puani. Mguu ukafa ganzi. Kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kufika Nyamache, nimempakia mama, nimemfikisha Nyamira, nimerudi, na mtu huyu bado anapima kwa kijiti.

"Kushoto iko chini vidole vitatu," Mmaragoli alitangaza.

Kwa hiyo springi ya kushoto ilihitaji pete nene zaidi chini yake. Pete yenyewe ilibidi ichongwe gereji, na siku ilikuwa imekwisha. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Arusi ilikuwa Jumapili.

Ijumaa yote chuma kililia kwenye tupa. Walinyanyua gari kwa jeki, wakaliwekea mawe, wakaikaza springi kwa mnyororo ili isiruke, maana springi ya gari ikiruka yaweza kumvunja mtu taya. Wakaitoa. Pete haikuingia. Wakaipunguza. Haikuingia tena. Na jua la Kisii, ambalo siku nyingine hujificha mchana kutwa nyuma ya mawingu, siku hiyo lilionekana wazi likiteremka.

Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha, iwe imekwisha au haijakwisha. Mume wangu aliweka tupa chini na kuanza kufuta mikono.

"Bado kidogo tu," nilimwambia.

"Jua limezama."

"Basi mimi namaliza," Mmaragoli alisema. "Mimi Sabato yangu ni kesho kutwa."

"Hapana. Amri inamgusa hata mgeni." Akafunika springi kwa gunia, akaenda kuoga.

Nilikasirika. Nilikasirika na mume wangu, na jua, na nitasema kweli, nilimkasirikia hata Mungu kwa kuiweka siku yake ya mapumziko mahali pale. Sabato ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuketi. Mhubiri alisema sana na sikusikia neno. Nilikuwa nikiiona springi imelala chini ya gunia lake, gari limesimama kwenye mawe na mguu mmoja hewani. Nilitoka kunywa maji. Nikarudi. Nikatoka tena. Mama mmoja mhudumu wa mlangoni alinishika mkono kwa huruma: "Binti yangu, ni tumbo?" Nikamwambia ndiyo, ni tumbo.

Jua lilipozama Jumamosi nilikuwa nimekwisha kufika gereji, nikiwa nimeshika spana, jambo ambalo sikulifanya tena maishani. Pete iliingia. Springi ikarudi mahali pake, gari likashushwa kutoka kwenye mawe.

Jumapili asubuhi tulipita bandani njiani. Niliketi na debe zangu tatu kwa mara ya mwisho, Mmaragoli akakaa kwenye usukani, mume wangu akapima kushoto, akapima kulia, akapima tena. Akakivunja kijiti kwa furaha. Lilikaa sawa kama meza. Debe tukamwachia mlinzi wa banda pamoja na mahindi yake, kama shukrani yetu, na gari likiwa na dereva peke yake likaendelea limelala kulia kidogo, kama ilivyopaswa. Mimi nilipanda pikapu ya wasimamizi na kwenda kuvalia kwa shangazi.

Bwana arusi alitakiwa kuwa Nyamira akitungoja kanisani. Badala yake alijificha kwenye migomba chini ya ua wa baba yangu, na shati lake jeupe na spana mfukoni, kwa sababu hakuziamini springi. Aligeuka akaangalia bondeni ili asimwone mama kwa bahati mbaya. Baba alikuwa ametangulia kwa lori la wanakwaya. Niliingia uani nikiwa na gauni langu, nikaukanyaga udongo ule kwa mara ya kwanza tangu nilipotoroka.

Majirani walikuwa wamejaa. Habari za gari linalosubiri kupimwa na mama yangu zilikuwa zimefika kila jiko, na wengine walikuja kwa arusi, wengine walikuja kwa gari. Mlango ukafunguka, mama akatoka.

Alikuwa amevaa koti zito la baba juu ya sweta, na chini ya sweta nguo nyingine, asubuhi ya jua kali. Sura yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa mpaka kwenye kidevu. Nilitaka kumkimbilia lakini aliinua mkono, kama anayesema gari kwanza. Akaja polepole, shangazi akimshika kiwiko. Akakanyaga kidato. Akapanda. Akaketi kushoto.

Springi haikutoa sauti.

Nilingoja lishuke. Gari lilibaki vilevile lilivyokuja, limelala upande wa Mmaragoli, kana kwamba hakuna aliyepanda. Mmaragoli alimtazama mama, akanitazama mimi. Mmoja wa majirani akasema, "Mbona inalala kwa dereva?" na mwingine akacheka. Mama alisikia. Niliona mkono wake ukishika ukingo wa mlango ili ashuke. Ulikuwa mkono wa mtu nisiyemjua, mishipa mitupu, saa ya mkononi imefungwa uzi isidondoke.

Hapo nikajua. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mama yangu aliwaziba midomo watu wa mlima mzima, akajivika koti, akashindwa kuidanganya springi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Tulikuwa tumemtengenezea gari mama ambaye hayupo.

Niliinua gauni nikapanda. "Sogea katikati," nilimwambia. Alisogea. Nikaketi mlangoni, ubavu kwa ubavu naye. Springi ililia kidogo, upande wetu ukashuka, ukasimama.

"Sasa iko sawa," Mmaragoli alisema kwa sauti ndogo. "Sawa kabisa."

Ilikuwa sawa kabisa. Springi ile ilipimiwa mimi na debe tatu. Mimi nilikuwapo. Debe tatu zilikuwa zimeketi kando yangu, ndani ya koti la baba.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu mvua za mwaka juzi." Sauti ilikuwa yake bado, nene kama zamani. "Niliwakataza wasikwambie. Ungekuja, baba yako angekufukuza mlangoni, nami nisingekuwa na nguvu ya kugombana naye. Limeinama?"

"Halijainama, mama."

"Basi usilie. Watu wanaangalia."

Kutoka kwenye migomba mume wangu aliita, akiwa bado ametupa mgongo: "Imelala?"

"Hapana," niliita. "Imekaa sawa."

Nilimsikia akicheka peke yake kwa furaha, huko chini. Hakuna aliyemwambia mpaka jioni. Mmaragoli akaachia breki, majirani wakapiga vigelegele, na mama akanyoosha shingo na kuwapungia mkono. Nilimzungushia mkono kiunoni. Hapakuwa na kitu cha kushika ila nguo na mifupa, nikashika hivyo hivyo. Tulipofika barabara kubwa nilimwambia Mmaragoli aende polepole. Alipunguza mwendo. Nikamwambia apunguze tena. Kanisani walitungoja mpaka mchana.